Nani Anaitwa? Nyatiti, Tarumbeta na Santuri ya Kwanza ya Kiongozi

1. Utangulizi

Mhakiki wa fasihi simulizi akikabidhiwa santuri hushawishika kuitendea kama kitabu. Huyanakili maneno, huyafasiri, huorodhesha dhamira moja baada ya nyingine, kisha huona kazi yake imekwisha. Njia hiyo ina manufaa yake, nasi hatuibezi. Lakini huliacha kando swali ambalo katika fasihi simulizi ndilo la kwanza, yaani fanani anasema na nani, na huyo anayesemeshwa anajibu kwa njia gani. Kitabu kinaweza kuandikwa kwa ajili ya msomaji asiyejulikana. Wimbo wa nyatiti haukuwa ukiweza kufanya hivyo hadi juzi tu.

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo juu ya En Mana Kuoyo, santuri ya Ayub Ogada iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1993. Neno santuri tunalitumia kwa maana pana, kwani wengi waliisikia kazi hiyo kwa kaseti na kwa diski. Ilikuwa santuri ya kwanza ya mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa wengi katika bendi. Ili tuipime vyema, tutaiweka kando ya santuri nyingine ya kwanza, ile ya mpiga tarumbeta Mmarekani Olu Dara, iitwayo In the World: From Natchez to New York, ya mwaka 1998. Olu Dara naye alikaa miongo mingi nyuma ya viongozi wengine. Wote wawili walipopata nafasi ya kusema kwa jina lao wenyewe walirudi nyumbani: mmoja kwenye nyatiti ya Wajaluo, mwingine kwenye blues na funk za watu wa Mississippi. Hoja yetu ni kwamba walirudi kwa njia mbili tofauti, na kwamba tofauti hiyo huonekana zaidi tunapochunguza namna kila mmoja anavyomwita msikilizaji wake.

Mahali petu pa kusimama ni Ndhiwa, katika Homa Bay, kusini mwa Nyanza. Hatukupachagua kwa sababu mwanamuziki huyu alitoka hapo, hakutoka hapo. Tumepachagua kwa sababu hapo nyatiti ina watu wanaoidai. Mtu aliyekulia katika nchi ya Kanyamwa, alikoishi Gor Mahia, yule mganga ambaye jina lake hubebwa na klabu ya mpira ya Nairobi, hujua tangu utotoni kwamba jina la mtu ni kisa kizima, na kwamba kulitaja mbele ya watu ni tendo lenye gharama. Ni kwa kipimo cha watu wa namna hiyo tunataka kuisikiliza santuri hii.

2. Pakruok kama kipimo

Katika Dholuo neno thum lina maana ya muziki, na hutumika pia kwa nyatiti yenyewe. Mpigaji ni jathum, yaani mtu wa thum. Lugha, kwa hiyo, imeifanya ala hii kuwa mzizi wa dhana nzima ya muziki. Nyatiti ina nyuzi 8. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi karibu na ardhi, ala ikiwa imelazwa mbele yake. Kidole gumba cha mguu wake huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo huigonga kwenye ukingo wa ala, na mguuni hufungwa njuga ziitwazo gara. Hivyo mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Kiongozi wa bendi na bendi yenyewe wamo katika mwili mmoja.

Hata hivyo si kweli kwamba jathum hutumbuiza peke yake. Panapopigwa nyatiti, hasa katika matanga na katika sherehe, yeyote miongoni mwa hadhira anaweza kumsimamisha. Hutoa fedha, muziki hushuka au hunyamaza, naye mtoaji husema. Hujitaja kwa majina yake ya sifa, huwataja wazazi wake, shemeji zake, mahali atokako, mpenzi wake, rafiki aliyesimama kando yake. Akimaliza nyuzi hurudi, na mara nyingi jathum huyachukua maneno yale na kuyatia katika wimbo. Desturi hiyo ndiyo pakruok. Kimofolojia neno limejengwa juu ya kitenzi pako, kusifu, pamoja na kiambishi -ruok kinachomrudishia mtenda tendo lake. Kwa Kiswahili tungesema kujisifu. Tafsiri hiyo inapotosha kidogo, kwa sababu kujisifu kwa Kiswahili kuna harufu ya majivuno. Pakruok iko karibu zaidi na majigambo, na karibu pia na tuzo katika taarabu ya pwani, pale mtu anapoinuka na noti mkononi na kumfanya mwimbaji aseme kwa niaba yake jambo ambalo jirani atalielewa. Tofauti ni kwamba katika taarabu mtuzaji hunyamaza na noti yake ndiyo isemayo. Katika pakruok mtoaji husema mwenyewe.

Tukilikubali hilo, yafaa tuuone wimbo wa nyatiti kama utungo wenye nafasi zilizoachwa wazi kwa makusudi. Nyuzi zinazorudiarudia hutandika mkeka, na juu ya mkeka huo mgeni hutarajiwa aketi. Mtu akiziondoa nafasi hizo, wimbo hubaki na nyuzi zake, sauti yake na maneno yake, lakini huwa umempoteza mmoja wa watungaji wake.

3. Kutoka bendi hadi kigoda

Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda. Wazazi wake Wajaluo walikuwa wanamuziki, na katika utoto wake alikaa nao kwa muda huko Chicago, ambako waliwaonyesha Wamarekani muziki wa kwao. Katika miaka ya 1970 alikuwa Nairobi na kundi la Black Savage, lililopiga roki na funk kwa magitaa ya umeme, kama walivyofanya vijana wengi wa mijini wakati ule. Mwaka 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, bendi iliyohusiana na jumba la sanaa la Alan Donovan na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Nia ya bendi hiyo ilikuwa kuzikutanisha ala za asili na ala za umeme jukwaani. Mwaka 1986 Ogada alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akapiga mitaani na katika vituo vya treni za chini ya ardhi huko London, hadi alipoalikwa katika tamasha la WOMAD, na mwishowe akarekodi kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel.

Wasifu huu tumeueleza kwa sababu ndani yake mna shule mbili za hadhira. Shule ya kwanza ni bendi ya mjini, ambayo hadhira yake hucheza dansi. Shule ya pili ni kituo cha treni, ambacho hadhira yake hupita. Hadhira ya kituoni nayo hutoa fedha, na hapo ndipo mhakiki wa juujuu angeweza kusema kwamba Ogada alikuta London desturi inayofanana na ya kwao. Hazifanani. Sarafu ya London humshukuru mpigaji, na mwenye kuitoa huendelea na safari yake. Fedha ya Ndhiwa hununua nafasi ya kusema, na mwenye kuitoa huifanya safari ya wengine isimame. Mpigaji aliyekaa miaka mbele ya wapita njia hujifunza kuujaza wimbo wote mwenyewe, kwa kuwa akiacha nafasi wazi hakuna atakayeingia.

4. Fani ya En Mana Kuoyo

Jambo la kwanza linalosikika katika nyimbo hizi 10 ni utulivu. Nyatiti hupigwa kwa wepesi, na ngoma na ala ndogo za kugonga huingia kwa kiasi. Sauti ya mwimbaji ni laini, mara nyingine karibu ya kunong'ona. Mtu aliyezoea nyatiti ya uani atashangaa. Uani jathum hushindana na kelele za watu, vilio, mbwa na watoto. Ndiyo sababu ya pete ya chuma na njuga, na ndiyo sababu sauti za wazee wengi wa nyatiti zina mkwaruzo. Katika santuri kazi ya kushinda kelele hufanywa na maikrofoni. Mwimbaji ameachiliwa huru kutokana na wajibu wa kusikika, naye ameutumia uhuru huo vizuri. Kuna mahali ambapo uzi mmoja unaguswa na kuachwa ufe wenyewe kabla ya mwingine kuguswa. Katika matanga jambo hilo haliwezekani. Tunalihesabu kuwa faida ya kweli ya kisanaa, wala hatukubaliani na wale ambao wangeliita udhaifu kwa sababu tu si la jadi.

Jambo la pili ni majina ya nyimbo. Santuri inaanza kwa jina la mtu, Obiero, kana kwamba inataka kufungua kwa desturi. Majina mengi yanayofuata ni ya mahali, ya mnyama na ya vitu: Dala ni boma, Ondiek ni fisi, Chiro ni soko, Thum Nyatiti ni muziki wa nyatiti, na jina la santuri yenyewe, En Mana Kuoyo, maana yake ni kwamba ni mchanga tu. Hii ni ramani ya kijiji. Mtu wa Ndhiwa ataitambua mara moja: boma, njia ya sokoni, mchanga wa mtoni, fisi wa upande wa Lambwe. Atakachokikosa ni msongamano wa watu wenye majina yao, baba zao na madeni yao. Kijiji kimechorwa na mtu aliye mbali, naye amechora kile kinachobaki katika kumbukumbu watu wakiwa wameondoka.

Jambo la tatu linatokana na mawili hayo. Nyuzi hurudia kifungu kimoja muda mrefu, kama nyatiti inavyotakiwa kurudia. Lakini urudiaji ambao uani ni maandalizi ya kumpokea msemaji, hapa umekuwa jambo la kusikilizwa lenyewe. Mkeka umetandikwa, na msikilizaji anaombwa autazame ufumaji wake. Ufumaji ni mzuri sana. Swali letu linabaki kuhusu mgeni.

5. Kothbiro: mwito mmoja, miili miwili

Wimbo unaolibeba swali hilo kwa uzito mkubwa ni Kothbiro, ambao ni maarufu kuliko nyimbo zake zote. Haukuzaliwa mwaka 1993. Black Savage waliurekodi mwaka 1976, wakiwa bendi kamili ya umeme. Hivyo tunao wimbo mmoja katika miili miwili, na tofauti ya miili hiyo inatufundisha mengi juu ya kile ambacho kiongozi huchagua anapobaki peke yake.

Tuanze na maandishi. Kwa othografia ya kawaida ya Dholuo tungeandika maneno mawili: koth, mvua, na biro, inakuja. Hiyo ni sentensi, tena sentensi yenye haraka, inayosemwa na mtu kwa mtu. Ikiandikwa kwa neno moja hugeuka nomino. Huwa jina la kitu, kama jina la mji au la bidhaa. Huenda jambo hili likaonekana dogo, la kuwashughulisha wanaisimu tu. Lakini historia ya wimbo huu ni historia ya sentensi iliyogeuka nomino.

Maudhui ni mepesi. Mvua inakuja, watoto wanaitwa, ng'ombe wanatakiwa warudishwe nyumbani. Mwimbaji anawauliza anaowaita kama wanamsikia. Kwa hiyo wimbo wote umejengwa juu ya mwito unaongoja jibu. Jibu lenyewe si la maneno. Ni la miguu ya watoto na kwato za ng'ombe zikiingia bomani. Katika nchi ambayo mawingu ya alasiri hukusanyika upande wa ziwa na kufika bila kungoja, mwito huo hauhitaji maelezo.

Katika rekodi ya 1976 mwito uko katikati ya kundi. Vyombo vinauzunguka, na msikilizaji, ambaye wakati huo alikuwa zaidi kijana wa Kenya, alikuwa na uwezo wa kuyaelewa maneno au wa kumwuliza jirani yake. Katika rekodi ya 1993 vyombo vimeondolewa, uzi na sauti vimebaki, na msikilizaji aliyekusudiwa na soko la Real World hajui neno hata moja la Dholuo. Wimbo unauliza kama unasikiwa. Unasikiwa, lakini kama sauti tu.

Yaliyofuata yanalithibitisha hilo. Mwaka 2005 wimbo ulitumiwa katika filamu ya The Constant Gardener, iliyoongozwa na Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré, ambayo kisa chake ni mume anayefuatilia kifo cha mkewe nchini Kenya. Wengi waliouona mchezo huo duniani waliupokea wimbo kama maombolezo. Mwaka 2018 Kanye West alitumia vipande vya rekodi ya Black Savage katika wimbo wake uitwao Yikes. Hapo mwito wa kurudisha ng'ombe ulikuwa umekatwa na kufanywa pambo la mdundo. Hatusemi kwamba filamu na rapu zimeiba maana; muziki una haki ya kusafiri, na rekodi ya 1976 isingepata wasikilizaji wapya kwa njia nyingine. Tunachosema ni kwamba sentensi, baada ya kumpoteza mtu inayemwita, ilikuwa tayari kuchukuliwa na yeyote, kama ng'ombe asiye na alama ya mwenyewe.

6. Tarumbeta ya Natchez

Je, hilo haliepukiki kwa mtu anayetoka kwenye muziki wa kwao na kuingia katika santuri? Kwa kujibu, na tumgeukie Olu Dara. Alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Natchez, kando ya mto Mississippi, kwa jina la Charles Jones. Jina la Olu Dara, alilolichukua akiwa mtu mzima, ni la Kiyoruba. Baada ya utumishi katika jeshi la wanamaji alifika New York katika miaka ya 1960. Akapiga tarumbeta na Art Blakey, kisha na David Murray na Henry Threadgill, na mwaka 1993 katika santuri ya mwimbaji Cassandra Wilson. Alikuwa na bendi zake mwenyewe, mojawapo ikiitwa Okra Orchestra, lakini bendi hizo zilisikika majukwaani tu. Mwaka 1994 tarumbeta yake ilifunga wimbo mmoja katika Illmatic, santuri ya kwanza ya mwanawe, Nas. Yaani mwana alitoa santuri yake ya kwanza miaka 4 kabla ya baba. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 57, Olu Dara akatoa yake kwa kampuni ya Atlantic.

Waliomjua kwa tarumbeta walikuta mtu anayeimba na kupiga gitaa, huku tarumbeta ikiingia kama mtu wa pili wa kumjibu. Hilo ni umbo la blues lenyewe: sauti hutoa kauli, huirudia, na ala hujibu. Kwa mtu wa Ndhiwa ni umbo la kufahamika, maana naye amesikia oporo, pembe ipulizwayo kwa ubavuni, ikiingia baada ya mwimbaji kama mtu anayeongeza neno. Lakini ufanani wa ala hautupeleki mbali. Kinachotuhusu ni majina. Olu Dara anamwita Zora, yaani Zora Neale Hurston, mwandishi aliyekusanya ngano na misemo ya Wamarekani weusi wa Kusini. Anamwita Bubber, yaani Bubber Miley, mpiga tarumbeta wa Duke Ellington katika miaka ya 1920, aliyeifanya tarumbeta ingurume kama koo la mtu. Katika Okra anachukua sauti ya mchuuzi wa mboga anayenadi bamia mitaani. Na neno hilo la Kiingereza kwa bamia lilitoka Afrika Magharibi, katika Kiigbo. Katika Jungle Jay anamleta mwanawe, anayesema kwa rapu ndani ya wimbo wa baba.

Tukiitazama santuri hiyo kwa kipimo chetu, tunaona kwamba imejaa pakruok. Msanii hutaja atokako, hutaja waliomtangulia katika ala yake, hutaja muuzaji wa mtaani, kisha hunyamaza ili mwanawe aseme. Nafasi ya mgeni imeachwa, na mgeni ameingia. Hata msikilizaji asiyewajua Zora na Bubber hutambua kwamba kuna watu wanaotajwa na kwamba yeye si miongoni mwao, hualikwa aulize. Hivyo Olu Dara amekwenda kwenye soko la dunia akiwa na hadhira yake mgongoni.

Kuna tofauti moja ambayo haki inatutaka tuitaje. Olu Dara alisema Kiingereza kwa wanunuzi wanaosema Kiingereza. Ogada hakuwa na bahati hiyo. Lakini je, lugha pekee inatosha kueleza tofauti?

7. Ushahidi wa benga

Haitoshi, na ushahidi uko karibu na nyumbani. Wapigaji wa benga waliuhamisha mtindo wa vidole vya nyatiti kwenye gitaa, wakaingia studioni, wakaimba kwa Dholuo. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati mwaka 1940, ng'ambo kidogo tu ya mpaka kutoka Migori, na aliyefariki mwaka 2006, aliongoza Shirati Jazz kwa miongo kadhaa. Santuri ndogo za benga zilikuwa na upande wa kwanza na wa pili, na kila upande ulikuwa na dakika chache tu. Hata hivyo, ndani ya dakika hizo wanamuziki wa benga walipata nafasi ya kuwataja wafadhili, wafanyabiashara, marafiki, wapenzi na wakwe, pamoja na vijiji vyao. Mtu aliyetajwa aliinunua santuri, na rafiki zake waliinunua ili wamsikie akitajwa. Santuri ikipigwa dukani Ndhiwa, Rongo au Migori, jina lilitua miongoni mwa watu waliomjua mwenyewe.

Ushahidi huu unaivunja hoja kwamba ni mashine iliyoifukuza hadhira. Mashine ileile, pamoja na ufupi wake wote, iliipa pakruok makao mapya. Kilichobadilika katika En Mana Kuoyo ni soko lililokusudiwa. Benga ya miaka ya 1970 iliuzwa kwa watu waliotajwa ndani yake. Nyatiti ya 1993 iliuzwa kwa watu ambao wasingejitambua humo hata kama wangetajwa. Msanii hakuwa peke yake katika uchaguzi huo. Hata hivyo matokeo yamo katika kazi yake, na mhakiki hana budi kuyasema.

8. Jioni moja Ndhiwa

Tulipokuwa tukiyaandaa makala haya tuliipiga santuri hii jioni moja, katika boma moja la Ndhiwa, kwa redio ndogo iliyowekwa juu ya kiti. Walikuwapo wazee wawili watatu, akina mama, na watoto waliorudi shule. Nyimbo za mwanzo zilisikilizwa kwa heshima ile wanayopewa wageni. Ilipofika Kothbiro watoto waliitambua. Mmoja alikuwa ameisikia katika simu, bila kujua kwamba inatoka kwa Wajaluo.

Mzee mmoja alianza kutikisa kichwa kwa kufuata nyuzi. Baada ya muda akauliza mlango wa wimbo uko wapi. Hatukumwelewa mara moja. Akamwamuru kijana apunguze sauti, akasimama, akatoa sarafu na kuiweka juu ya redio, kisha akajitaja: majina yake ya ujana, ng'ombe wa baba yake, mto aliouvuka kwenda kuoa, mjukuu aliyekuwa ameketi hapo chini. Watu wakaitikia kama ilivyo desturi. Alipomaliza akaashiria kwa mkono, na kijana akapandisha sauti. Wimbo ulikuwa umekwisha zamani, na mwingine ulikuwa katikati. Haukuwa umemngoja.

Mzee hakukasirika. Aliketi, akasikiliza hadi mwisho, akasema mpigaji ana vidole. Sarafu ilibaki juu ya redio hadi tulipoondoka, kwa sababu hapakuwa na wa kuichukua.

9. Hitimisho

Tunaweza sasa kutoa hukumu. Kama kazi ya uzi na sauti, En Mana Kuoyo ni miongoni mwa rekodi bora zilizotoka Kenya, na ukimya wake umeonyesha uwezo wa nyatiti ambao kelele za uani zilikuwa zimeuficha. Kama thum, kwa maana kamili ya neno hilo katika Dholuo, imekosa nusu yake. Santuri ya Olu Dara na santuri ndogo za benga zinatuonyesha kwamba nusu hiyo ingeweza kuhifadhiwa.

Lakini kuna jambo ambalo hatukuliona tulipoanza, na tulilifikia kwa kuusikiliza wimbo tena baada ya jioni ile. Kothbiro ya 1993 ni mwito wa mtu aliye mbali na wale anaowaita. Anawaita watoto warudi nyumbani, naye ndiye hayuko nyumbani. Anauliza kama anasikiwa, akiwa katika nchi ambako hakuna wa kumjibu kwa lugha yake. Kwa maana hiyo nafasi iliyo tupu ndani ya wimbo inasema kweli juu ya hali ya mwimbaji wake, na ya Waafrika wengi walioondoka katika miaka ile. Upungufu wa thum umekuwa maudhui ya santuri. Sisi tunauona bado kuwa upungufu, lakini hatuwezi tena kuuita kosa.

Ayub Ogada alifariki Februari 2019 huko Nyahera, karibu na Kisumu. Alikuwa amerudi. Kazi iliyobaki ni yetu, na si ngumu kuitaja. Maneno ya nyimbo hizi yaandikwe kwa Dholuo sahihi na yafasiriwe kwa Kiswahili, ili msikilizaji wa Dar es Salaam au Mombasa ajue kwamba anaitwa kurudisha ng'ombe. Nyatiti inayopigwa leo katika matanga ya Ndhiwa, Siaya na Karachuonyo irekodiwe pamoja na pakruok yake yote, vicheko na sarafu na majina, bila fundi wa studio kuikata ili wimbo usikike safi. Na mhakiki atakayezichukua rekodi hizo, kabla hajaorodhesha dhamira, aulize kwanza ni nani aliyeitwa, na kama alipewa nafasi ya kuitika.